Aliyemfungia Mtoto Chakula

Injili ya Yohana, sura ya 6, inamtaja mvulana mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Aliyemfungia chakula hatajwi. Huyo ndiye ninayemfikiria alfajiri hapa Kasulu, nikipanga kontena la chakula cha shule la binti yangu: viazi vitamu vilivyokatwa duara, maharage yaliyoungwa kwa mawese, dagaa wa Kigoma pembeni, parachichi juu. Jirani yangu huuliza, urembo wa nini kwa chakula cha dakika tano? Swali zito, maana darasani wapo wasiobeba kitu. Lakini Mungu naye huyapamba maua yanayonyauka jioni. Basi napamba, tena naongeza viazi viwili vya mwenzake wa dawati. Nisipoviweka, naona aibu kumfundisha kushukuru kabla ya kula.