Ule Ujumbe wa Pole Sikuuandika Mimi

Leo naanza kwa kuungama kidogo.

Hivi karibuni rafiki yangu anayesomea kompyuta alinialika chuoni kwao kusikiliza mihadhara ya watafiti kuhusu maendeleo ya akili mnemba. Nilikwenda na shahada yangu ya falsafa kichwani, nimejiandaa kubishana. Nikajikuta nashangaa tu.

Mtafiti wa kwanza alieleza AlphaFold, programu inayokadiria maumbo ya protini. Zamani umbo la protini moja tu liliweza kuwachukua wanasayansi miaka. Sasa yameshakadiriwa zaidi ya milioni 200. Demis Hassabis na John Jumper walioongoza kazi hiyo walishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2024. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, kwa sababu akili ya kubuni kitu kama hicho ni zawadi yake.

Wa pili alieleza programu za maongezi kama ChatGPT, zilizojengwa juu ya mfumo ambao watafiti wa Google waliutangaza mwaka 2017. Mashine imepitishwa kwenye maandishi mengi mno. Ukiiuliza kitu, inapiga hesabu ni kipande gani cha neno kinaelekea kufuata, inakiweka, halafu inapiga hesabu tena. Akatoa mfano: "Ikikuandikia pole ya msiba, yenyewe haijafiwa na mtu."

Jamani, hapo nilitamani kujificha chini ya kiti.

Mwezi mmoja kabla, dada mmoja niliyeimba naye kwaya parokiani alifiwa na mama yake. Mama yule alinilisha mara nyingi sana baada ya mazoezi. Lakini nilikuwa na mitihani, nimechoka, na sikujua niseme nini. Nikaiomba programu iniandikie ujumbe wa pole wenye imani. Ukaja mzuri kweli. Nikanakili, nikatuma. Akajibu: "Asante Frateri, maneno yako yamenitia nguvu." Maneno yangu!

Tarehe 28 Januari 2025, kumbukumbu ya Mtakatifu Thoma wa Akwino, Vatikani ilitoa hati iitwayo Antiqua et nova kuhusu akili mnemba na akili ya binadamu. Inatukumbusha kwamba akili ya mtu si kutekeleza kazi tu. Inaishi ndani ya mwili na katika mahusiano na wengine. Mtakatifu Thoma naye alifundisha kwamba roho na mwili ni mtu mmoja. Hayo niliyasoma nikafaulu mtihani. Msiba ulipokuja, nikayasahau.

Sasa mtazameni Yesu alipofiwa na Lazaro (Yn 11). Mtumishi wa yule akida alimponya kwa neno tu, bila kufika nyumbani (Mt 8). Lakini kwa Lazaro alitembea mpaka Bethania, akawasikiliza Martha na Maria, akalia nao. Ndilo fumbo la Umwilisho hilo: Mungu hakuishia kututumia ujumbe, alikuja mwenyewe.

Jioni ile nilimpigia yule dada nikamwambia ukweli. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mama alikuwa anakuita padre wangu. Hata hospitalini alikuulizia." Nililia. Naye akalia. Sikuwa na neno zuri hata moja, lakini hatukukata simu kwa karibu saa nzima. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwao, tukasali rozari kaburini.

Sisemi tuzitupe programu hizi. Zikusaidie kuelewa hesabu, kutafsiri, kupanga ratiba. Ila mtu anapokuhitaji wewe, usimtumie mwakilishi. Wiki hii mtafute mmoja uliyemjibu kijuujuu. Mpigie, au nenda. Ukikosa cha kusema, kaa naye tu.

Tusali: Ee Yesu, uliyelia kaburini pa rafiki yako, utupe moyo wa kufika. Amina.