Sauti Ikishapotea, Kinabaki Nini?



Likizo iliyopita mdogo wangu wa kidato cha tatu alinibana kwa swali. Anapiga violini katika okestra ileile ya vijana niliyopigia mimi, na alikuwa anataka kuacha. Akaniambia, "Kaka, wewe ulipiga miaka sita. Leo huna hata violini. Sasa ilikusaidia nini?"

Nilitaka kumjibu harakaharaka kwamba muziki unaongeza akili, unafungua milango. Lakini mimi haukunifungulia mlango wowote. Siku ya kuingia seminari nilirudisha violini, maana haikuwa yangu, na sasa vidole vimekuwa vizito. Swali lake lilikuwa la haki kabisa.

Aristotle anatusaidia hapa. Anasema zipo kazi zinazoacha kitu nje yake: seremala akimaliza, meza inabaki. Yapo pia matendo ambayo lengo lake limo ndani yake yenyewe. Tena anasema mtu huwa mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, na huwa mwenye haki kwa kutenda haki. Kumbe sauti ikishapotea, kuna kitu kimetengenezwa: yule aliyepiga.

Mimi nilikaa violini ya pili, safu ya nyuma. Huko wimbo wenyewe huupati sana. Kazi yako ni kuwashikilia wengine. Siku moja nilichoka kutosikika, nikapiga kwa nguvu. Mwalimu akasimamisha mazoezi, akaniuliza kwa upole, "Unamsikia nani?" Nikakosa jibu. Nilikuwa najisikia mwenyewe tu.

Swali hilo halikurudi stoo na violini. Kwenye vikao vyetu seminarini, ninapotamani kumkatiza mwenzangu kwa sababu nina hoja nzuri zaidi, linarudi: unamsikia nani? Sisemi kwamba nalitii kila mara. Ila siwezi tena kujifanya sijalisikia.

Lakini tusidanganyane, muziki peke yake hautakasi mtu. Auschwitz kulikuwa na okestra za wafungwa, na miongoni mwa wasimamizi wa mauaji yale walikuwepo waliopenda muziki mzuri. Sikio linaweza kufunzwa na moyo ukabaki umefungwa. Okestra inakupa mazoea ya kusikiliza. Kumsikiliza jirani anayelia ni uamuzi wako, pamoja na neema ya Mungu.

Hata hivyo, mazoea hayo si kitu kidogo. Mwaka 1975 José Antonio Abreu alianzisha okestra za vijana Venezuela. Kwa majirani zetu Nairobi, mradi wa Ghetto Classics ulianza mwaka 2008 Korogocho, karibu na dampo la Dandora. Siyo kila mtoto wa huko atakula kwa muziki. Lakini kila jioni ya mazoezi kuna mtu anayemtegemea aanze kwa wakati wake. Kujua kwamba usipokuwepo kuna sauti inakosekana: je, si ndicho Mtume Paulo anachotufundisha kuhusu mwili mmoja na viungo vingi?

Mtakatifu Augustino, katika Maungamo, kitabu cha 11, anatoa mfano wa mtu anayesema zaburi anayoijua kwa moyo. Kabla hajaanza, yote iko katika matarajio yake. Anavyoendelea, inahamia katika kumbukumbu. Ndivyo yalivyo maisha yote ya mwanadamu, anasema. Basi tukisema kinachopita hakina thamani, tutakuwa tumeyatupa maisha yenyewe.

Mdogo wangu nilimjibu hivi: "Ukitaka kuacha, acha. Ila usiache kwa sababu hailipi. Mama alipotuimbia usiku, nani alimlipa?" Akanyamaza. Bado hajaamua, nami sijamsukuma.

Tafakari ya wiki hii: nyumbani, kwenye jumuiya, kwenye grupu la WhatsApp, unamsikia nani?

Tusali: Ee Bwana, nifundishe kushika nafasi yangu, hata ikiwa ni safu ya nyuma, na unifungue masikio niwasikie wenzangu. Amina.