Karo ya Kujifunza

Liko neno dogo ambalo mtu hulikimbilia pindi madhara yatokeapo mkononi mwake. Neno hilo ni "sikujua". Mtoto avunjaye chungu hulisema, dereva agongaye mbuzi hulisema, na hakimu hulisikia kila siku mahakamani. Mara nyingi ni neno la kweli. Swali la insha hii si kama ni la kweli, bali ni kama latosha. Na kwa kuwa mimi mwenyewe nililisema mara tatu katika muda wa miezi miwili, juu ya mizoga ya ndege wadogo, namwomba msomaji aniruhusu nianze na habari zao.

Nilinunua vifaranga 20 wa bata mzinga mjini Migori, nikawapakia katika boksi, nikasafiri nao kwa matatu kupitia Rongo mpaka kwetu upande wa Ndhiwa, katika Kaunti ya Homa Bay. Walikuwa na umri wa siku moja. Sikuwa nimepata kufuga bata mzinga. Kuku nimewafuga tangu utoto, na muuzaji aliniambia kwamba hawa ni kama kuku, ila wakubwa. Maneno yale yalinipendeza kwa sababu yalipatana na hesabu niliyokuwa nimekwisha kuifanya kichwani: bei ya bata mzinga mmoja wakati wa Krismasi, mara 20. Naungama kwamba katika hesabu ile hapakuwa na safu ya vifo.

Usiku wa tatu ilinyesha mvua kubwa ya Aprili. Jiko la makaa nililoliweka katikati ya chumba lilizimika kabla ya alfajiri, nami nimelala. Kifaranga wa bata mzinga katika juma lake la kwanza huhitaji joto la karibu nyuzi 35, nalo hupunguzwa polepole, yapata nyuzi tatu kila juma, mpaka manyoya yake yaote. Akilikosa kwa mlezi hulitafuta kwa wenzake. Wangu walikimbilia pembe ya chumba wakarundikana, na asubuhi nilikuta wanne wa chini wamekufa, wamekosa pumzi chini ya uzito wa ndugu zao. Wafugaji wenye ujuzi huwazungushia vifaranga ukuta wa mviringo wa karatasi ngumu ili pasiwe na pembe ya kurundikana. Karatasi hiyo nilikuwa nayo. Ndilo lile boksi nililowaletea, nami nilikuwa nimeliwashia moto.

Mauti ya pili yalikuwa ya ajabu zaidi. Kifaranga atokapo katika yai huwa na akiba: kiini kilichobaki huingia tumboni mwake, nacho humweka hai siku mbili tatu. Baada ya hapo hana budi kula. Kifaranga wa kuku hudonoa kila kitu akionacho, lakini wa bata mzinga aweza kusimama mbele ya sahani iliyojaa asitambue kwamba kile ni chakula. Tangu siku ya tano hata ya saba walikufa watano kwa njaa, huku wakikanyaga chakula kwa miguu yao. Tena chakula chenyewe kilikuwa cha vifaranga wa kuku, chenye protini haba, ilhali bata mzinga mchanga hupewa chakula chenye protini ya kadiri ya asilimia 28. Baadaye nilijifunza kwamba watu hutia gololi zing'aazo ndani ya sahani na katika maji. Ndege hudonoa kile king'aacho, mdomo ukagusa chakula, naye akajua. Gololi! Watoto wa jirani walikuwa wakizicheza mlangoni pangu siku zile zile.

Kwa nini kiumbe azaliwe hajui kula? Jibu ni kwamba hakuumbiwa kuwa peke yake. Asili ya bata mzinga ni Marekani ya Kaskazini. Wenyeji wa Mexico walianza kumfuga yapata miaka 2,000 iliyopita, na Wahispania wakamvusha bahari katika karne ya 16. Kila taifa lililompokea lilikosea jina lake: Waingereza walimwita kwa jina la Uturuki, Wafaransa kwa jina la India, nasi twamwita bata, wala si bata. Huko kwao porini mama huwafunika vifaranga kwa mbawa zake majuma kadhaa, na huwatangulia akiwaonyesha kiliwacho. Mwanadamu ndiye aliyelitwaa yai akalitia katika mashine, siku 28 zikatimia bila mama. Kwa hiyo sikubali kusema kwamba vifaranga wale walikuwa wajinga. Aliyemwondoa mama amejitwika kazi za mama, ajue asijue. Na mimi nilipotoa fedha pale Migori nilinunua kazi zile pamoja na vifaranga, ingawa muuzaji hakunitajia wala mimi sikuuliza.

Waliobaki walikuwa 11. Jirani yangu, nyanya wa makamo ya mama yake mama yangu, alisikia kilio chao akaja. "Mwanangu," alisema, "watoto hawa wanamlilia mama." Usiku ule alileta koo wake aliyekuwa ameangua siku chache kabla, akawaingiza yatima wangu mmoja mmoja chini ya mbawa zake gizani. Kulipokucha koo alipekua, akaita, akadonoa. Vifaranga wake wakadonoa, na wangu wakawaiga. Katika siku mbili walikuwa wanakula. Nilistaajabu, nikamwona nyanya yule kuwa na hekima kuliko mimi na shule zangu zote, na katika jambo lile alikuwa nayo kweli. Hakutaka malipo. Nilimpelekea omena na sukari.

Katika juma la nane mbawa zao zilianza kulegea. Walisimama wamefumba macho, na mavi yao yakawa ya manjano kama kiberiti. Walikufa saba. Afisa wa mifugo alipasua mzoga mmoja akanionyesha ini lenye mabaka ya mviringo. Ugonjwa huo huitwa kichwa cheusi, ingawa mara nyingi kichwa hakigeuki rangi. Huletwa na kimelea kisichoonekana kwa macho, ambacho husafiri ndani ya yai la mnyoo mdogo akaaye katika utumbo wa kuku. Kuku aweza kuwa nacho asiugue hata kidogo, na yai la mnyoo laweza kukaa udongoni miaka. Koo yule mwema, aliyewafundisha kula na kuwapa joto, alikuwa akiwatilia mauti katika udongo ule ule alioupekua kwa ajili yao.

Habari hiyo haikuwa mpya. Theobald Smith, mtaalamu wa Marekani, alikieleza kimelea hicho mwaka 1895, na mwaka 1920 yeye na mwenzake Graybill walionyesha jinsi mayai ya mnyoo yanavyohusika. Smith huyu ndiye ambaye mwaka 1893, pamoja na Kilborne, alithibitisha kwamba kupe huwaambukiza ng'ombe homa; na hakuna mfugaji wa Migori asiyejua leo ubaya wa kupe. Maarifa ya kupe yalitufikia. Maarifa ya mnyoo wa kuku yalikuwa yametimiza zaidi ya miaka mia moja duniani, na simu iliyokuwa mfukoni mwangu ingaliweza kuniletea kwa dakika moja. Nilikuwa nimeitumia kutafuta bei ya Krismasi.

Sasa tupime. Watu watatu twaweza kusema "sikujua": muuzaji, mimi na nyanya. Yaonekana neno ni moja, lakini mimi siwezi kuyaweka matatu haya katika mizani moja.

Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani, alifundisha kwamba atendaye kwa kutojua hakutenda kwa hiari, lakini ni yule tu ahuzunikaye alijuapo alilolitenda ndiye aliyetenda kinyume cha hiari yake. Tena akaongeza kwamba watunga sheria humwadhibu hata asiyejua, ikiwa kutojua kwake kumetokana na yeye mwenyewe, kama mlevi. Nakubaliana naye, lakini nafikiri twaweza kuona jambo hili karibu zaidi na nyumbani. Jirani na Kendu Bay liko ziwa dogo liitwalo Simbi Nyaima. Masimulizi ya Wajaluo yasema hapo palikuwa kijiji. Usiku mmoja bibi kizee mgeni alikuja akaomba makao; watu waliokuwa katika karamu wakamfukuza, mwanamke mmoja tu akamkaribisha, na maji yakaja yakakimeza kijiji. Nilipokuwa mtoto niliwahurumia watu wale. Wangalijuaje kwamba kizee yule alikuwa na uwezo? Siku hizi nasikia hadithi ile kwa namna nyingine. Haisemi kwamba walihukumiwa kwa kutomjua. Kuona kwamba mtu ni mzee, na usiku ni usiku, hakukuhitaji kumjua.

Vivyo hivyo kwangu. Yai la mnyoo halionekani. Lakini kilio cha kifaranga mwenye baridi ni kikali, chasikika hata nje ya ukuta, nami nilikisikia usiku ule wa mvua katikati ya usingizi. Nilijigeuza kitandani, nikasema ni kelele za vifaranga. Kwa wale saba sijui nijihukumu vipi. Kwa wale wanne najua.

Wako watakaosema kwamba natia chumvi: hawa walikuwa ndege, na mwisho wao ungekuwa kisu. Ni kweli, ningaliwachinja, na sioni haya kusema hivyo. Lakini kisu kikali cha dakika moja, baada ya maisha ya shibe na jua, si sawa na siku tatu za njaa mbele ya sahani iliyojaa. Wengine watasema kwa haki zaidi kwamba kama kila mtu angengoja ajue yote, hapangekuwa na mkulima, wala daktari, wala mama. Hili lanishinda nusu. Kujifunza kuna karo, hapana shaka. Na mwanafunzi wa shule hulipiwa karo na mzazi, naye hujua ni nani aliyeuza ng'ombe kwa ajili yake. Mimi karo yangu ililipwa na vifaranga 16, ambao hawakuulizwa. Vifaranga watano wangalinitosha kujifunza yote niliyojifunza. Nilichukua 20 kwa sababu ya Krismasi.

Nilisita muda mrefu kumwambia nyanya habari ya mnyoo. Kumnyamazia kulionekana kuwa ni huruma. Lakini alikuwa amekwisha kuwashauri watu wawili kijijini wafanye vile vile, basi nilikwenda. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na vifaranga wa koo wangu hawakuugua?"

"Hawakuugua, nyanya."

"Basi mkono wangu nao umo."

Nilimwambia kwamba haumo, kwamba yeye alitoa alichokuwa nacho, na bila yeye wote wangalikufa kwa njaa. Alitikisa kichwa. "Usiniondolee, mwanangu," alisema. Kisha akachukua fimbo yake akaenda kwa wale watu wawili kabla jua halijatua.

Nilibakiwa na wanne, jogoo mmoja na majike matatu, nikawajengea banda mbali na kuku, mahali ambapo kuku hawakupata kukaa. Mwaka uliofuata majike walianza kutaga. Kijana mmoja kutoka upande wa Rongo alisikia habari, akaja na fedha mkononi anunue mayai 15. Nilimwuliza atayaangua vipi. Akasema atayaatamisha kwa kuku wake, kisha atawaachia koo awalee uani pamoja na wengine, maana bata mzinga ni kama kuku, ila mkubwa.

Nilimkalisha kivulini nikamweleza: joto, pembe za chumba, gololi, mnyoo, banda la mbali. Ilichukua karibu saa nzima. Alinishukuru sana, akahesabu fedha zake upya, akazirudisha mfukoni. Mayai yalibaki mezani, na juma lile nilikuwa na deni la duka.