Kuhama Nyumba na Haki za Watu

Mtu akitaka kuhama, jambo la kwanza analolifikiri ni gari: litatosha au halitatosha? Akiona vyombo vimezidi, ndipo huanza kuchambua: hiki nichukue, kile nitupe. Sisi twauliza: je, hilo ndilo swali la kwanza? Au liko lililotangulia, nalo ni hili: hiki ni cha nani?

Ndugu yetu mmoja, mwalimu, mzaliwa wa Mombasa, alikaa Matiliku, katika Kaunti ya Makueni, miaka mingi. Alipopata uhamisho wa kurudi pwani, tulikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Tulimkuta amekwisha kugawa vyombo mafungu mawili: vya kwenda na vya kuachwa. Katika vya kwenda tuliona sufuria kubwa yenye alama ya rangi kitakoni. Tulipomwuliza, alifikiri kitambo, kisha akasema: "Hii ni ya jirani, tuliiazima siku ya Idi." Idi gani? Hakuikumbuka. Lau gari lingeondoka, sufuria ile ingefika Mombasa, na mwenyewe asingeidai kwa kuona haya. Mwalimu si mwizi. Lakini haki ya mtu haiondoki kwa kuwa aliyenayo amesahau. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tukumbuke hijra ya mwaka 622. Mtume (S.A.W.) alipohama Makka, alimwacha nyuma Sayyidna Ali arudishe amana za watu kwa wenyewe, ilhali watu wa mji ule walikuwa wakiitafuta roho yake. Ikiwa hatari ile haikuwa udhuru, sisi tunaohama mchana kweupe kwa gari la kukodi tuna udhuru gani?

La pili ni lile fungu la kuachwa. Humo mlikuwa na godoro lililochanika, redio isiyosema na kiti cha miguu mitatu. Na pamoja navyo madumu kumi ya maji, mazima. Mwalimu akamwita mzee jirani, akamwambia: "Mzee, hivi vyote ni vyako." Yule mzee akavitazama, akajibu kwa adabu: "Asante, mwalimu. Madumu nimeyapokea. Lakini hivi vingine, waniachia mali au waniachia kazi ya kutupa?" Sote tukainamisha vichwa.

Twasema: kumpa jirani kitu kibovu si sadaka. Ni kuhamisha taka kutoka nyumba yetu hadi kwake, kisha tukangojea dua. Na yale madumu tuliyoyachanganya na taka ndiyo mali hasa katika nchi kavu kama ile, ambayo hutegemea mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba. Zikikosekana, watu hufukua mchanga wa mto wapate maji. Basi kitu hakiwi taka kwa kuwa wewe huna haja nacho.

Wako watakaosema: "Akiba haiozi." Ni kweli, ikiwa ni akiba yenye haja inayojulikana. Lakini nguo zilizofungiwa huliwa na nondo, na mbao huliwa na mchwa, na jirani hana cha kuvaa wala cha kukalia. Wengine husema: "Tupa vyote, moyo upumzike." Kisha wakifika nyumba mpya hununua vile vile walivyovitupa. Hiyo ni israfu mara mbili.

Basi, ewe ndugu msomaji, kabla hujaita gari: kwanza, rudisha vya watu. Pili, vizima usivyovihitaji mpe anayevihitaji, na umpe kwa heshima. Tatu, vibovu vitengeneze, au vitupe wewe mwenyewe. Kitakachobaki ndicho chako, kipakie.

Wala usingoje siku ya kuhama. Iko safari ambayo hatutaambiwa siku yake, na tukiondoka, atakayefungua stoo yetu ni mrithi asiyejua sufuria ile ni ya nani.