Nasibu na Kudura katika Manyoya ya Paka

Katika nyumba za Msamala, mjini Songea, ambamo paka hufugwa ili panya wasiyafikie mahindi, hutokea vikazaliwa nyuma ya magunia vitoto vya tumbo moja, kimoja cheusi, cha pili cha rangi ya machungwa, cha tatu kikiwa na mabaka ya rangi zote mbili. Nacho kile cheusi aghalabu hutazamwa kwa hofu, kwa itikadi ya kwamba weusi wake ni alama ya uchawi. Aaminiye kwamba Muumba ni mmoja hana budi kuuliza rangi hiyo imetoka wapi kabla ya kuihukumu.

Jeni iletayo rangi ya machungwa imo katika kromosomu iitwayo X, ambayo dume hupewa moja, ya mama yake, na jike hupewa mbili, ya mama na ya baba; ndiyo sababu dume, illa kwa nadra azaliwapo na X mbili pamoja na Y, hana uwezo wa kuchanganya machungwa na weusi. Jike, kama ilivyobainika tangu Mwingereza Mary Lyon alipoandika mwaka 1961 juu ya panya wake, angali mchanga mno tumboni, kila chembe ya mwili wake huinyamazisha X moja, hii au ile, na chembe zote zitokanazo nayo hufuata vivyo hivyo. Basi akizaliwa, ikiwa X zake ni moja ya machungwa na moja ya weusi, huenda ukaona paji la uso limegawanyika, upande mweusi, upande wa machungwa. Wataalamu wa Texas walipompata CC, paka wa kunakiliwa, mwaka 2001, kwa chembe ya jike wa mabaka aitwaye Rainbow, kitoto kilikosa kabisa machungwa, ijapokuwa urithi wao ulikuwa mmoja.

Wako wasemao kwamba hiyo ni nasibu tupu, isiyo na mahali pa kudura. Siafikiani nao, kwani nasibu hiyo ina sheria isiyovunjwa: kila chembe hunyamazisha moja, wala haikosi, na kisichojulikana kwetu ni ipi tu. Na weusi wenyewe usio na milia huja pale ambapo baba na mama wote wawili wametoa jeni iifutayo milia, ambayo wazazi wenye milia huweza kuibeba kwa siri vizazi kadhaa. Nami sioni ni kwa hoja gani, ya dini au ya akili, kitoto kilichopokea amana hiyo pasi na kuulizwa kitupwe njiani ati nyumba isalimike.