Bundi wa Komoro: Amana ya Nani?



Bundi akilia usiku juu ya paa, ni wangapi katika nyumba zetu za pwani wasemao kuwa pana mtu atakayekufa? Watoto humtupia mawe, na wakubwa humkemea kana kwamba funguo za mauti zimo katika makucha yake. Imani hii si ya Kiislamu. Waarabu wa zama za Ujahiliya walidhani kuwa roho ya aliyeuawa bila ya kulipiziwa kisasi hugeuka bundi na kulia kaburini. Mtume wetu (S.A.W.) aliikanusha itikadi hiyo, pamoja na ile ya ndege wa mkosi.

Sasa tuvitazame visiwa vya ndugu zetu wa Komoro. Visiwa ni vinne, na kila kimoja kina bundi wake mdogo asiyepatikana kwengineko duniani. Wa Ngazija huishi katika misitu ya mlima wa moto wa Karthala. Wataalamu walimtangaza mwaka 1960. Wa Nzwani alijulikana tangu karne ya 19, kisha hawakumwona kwa zaidi ya miaka 100, mpaka alipopatikana tena mwaka 1992. Wa Mwali hawakumjua mpaka mwaka 1995. Wa nne ni wa Maore.

Swali ni hili: je, tuna wajibu kwa kiumbe tusiyeona faida yake, tena tunayemchukia?

Qur'ani Tukufu, katika Suratul An-aam aya ya 38, inawataja wanyama na ndege kuwa ni jamii kama tulivyo sisi. Haikuweka sharti kwamba watufae kwanza. Na tuchukue mfano wa fardhi. Fardhi kifaya, kama kumsalia maiti, wakiitekeleza baadhi, wengine husalimika. Fardhi ain haina wa kukufanyia. Njiwa akitoweka Lamu, yuko Pemba. Bundi wa Nzwani akitoweka Nzwani, ametoweka ulimwenguni. Hapana jirani wa kumtunza kwa niaba yao.

Atasema mtu: "Mkulima ana watoto wenye njaa, nanyi mwamhubiria habari za ndege?" Neno hili lina haki. Mwenye njaa halaumiwi kwa kushika jembe. Lakini msitu anamokaa bundi ndio unaohifadhi maji, na huko Nzwani mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka wakati wa kiangazi. Afyekaye kwa ajili ya chakula cha leo huenda akamnyima mwanawe maji ya kesho.

Basi aliyewekewa amana ataulizwa yeye. Lakini jirani aliyeshiba, akamwona amezidiwa na asimsaidie, naye atakuwa na la kujibu. Mwenyezi Mungu atuondolee hofu ya sauti ya ndege, na atutie hofu ya kuivunja amana Yake. Amin.