Vazi la Msafiri wa Majini

Mwenye kununua nafasi katika baadhi ya meli za matembezi ziondokazo Southampton, ile bandari kubwa ya kusini mwa Uingereza, hupewa pamoja na tikiti yake maelezo ya mavazi ambayo, kwa urefu wake na kwa uzito wa maneno yake, yangemfanya mtu adhani kwamba ameitwa katika baraza ya mfalme: kwamba kaptula za kuogelea zisionekane katika ukumbi wa chakula, kwamba jua likitua wageni wavae kwa unadhifu, na kwamba katika zile jioni zinazotangazwa kuwa za heshima mwanamume avae suti nyeusi na tai, na bibi naye avae gauni refu au vazi rasmi la taifa lake. Asiyetaka taabu hiyo hanyimwi chakula, bali huelekezwa kwenye ukumbi wa kujipakulia, ambako hakuna atakayemtazama shingo. Na kwa kuwa apandaye meli pale pale nchini kwake hapimiwi mizigo kwa ukali kama apandaye ndege, wako waendao na masanduku matatu kwa safari ya majuma mawili, moja likiwa halina ila nguo za usiku wa karamu.

Sisi watu wa Bukavu, mashariki ya Kongo, ambao kwa wengi wetu hata viza ya Uingereza ni jambo la kusikia tu, tungeweza kuyacheka haya na kupita. Lakini ndani yake limefichwa suala ambalo dini za mji huu zimelishughulikia kwa karne nyingi, nalo ni kama kumlazimisha mtu avae hivi au vile ili apate kuketi pamoja na wenzake ni adabu, au ni kiburi kilichojivika jina la adabu.

Imo katika Sahihi Muslim habari ya Mtume kuonya kwamba mwenye kiburi moyoni, ijapokuwa kadiri ya chembe, haingii Peponi, na mtu mmoja akauliza itakuwaje basi kwa yule apendaye nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri. Akafahamishwa kwamba uzuri ni jambo alipendalo Mwenyezi Mungu, na kwamba kiburi ni kitu kingine kabisa, yaani kuikataa haki na kuwadharau watu. Naye Yakobo, katika waraka wake, anawakemea wale wanaomkaribisha mwenye pete ya dhahabu katika kiti chema na kumwacha fakiri mwenye nguo chakavu asimame au aketi chini karibu na miguu yao. Ukiyatafakari mafundisho haya mawili utaona kwamba hakuna hata moja linaloilaumu pete wala kiatu. Lawama imeelekezwa kwa mwenye kugawa viti.

Hebu mtu aingie katika ukumbi wa mojawapo ya meli zile za Southampton katika jioni ya heshima. Mtumishi amiminaye maji, ambaye huenda ametoka Manila au Goa au Mombasa, naye amevaa koti lililopigwa pasi na tai shingoni, na mgeni asiyejua desturi angeweza kumwomba tajiri amletee mkate. Nguo zimekaribia kulingana. Kinachowatenga ni kwamba mmoja ameketi na mwingine amesimama. Wazee wa pwani wanaozikumbuka meli za kampuni ya British India zilizoitwa Kenya na Uganda, zilizoanza kwenda baina ya London na Afrika ya Mashariki mwaka 1951 na 1952, wanajua kwamba daraja la kwanza na daraja la watalii lilikuwa kila moja na kumbi zake, na kwamba katika meli za kampuni hiyo hiyo zilizotoka Bombay walikuwamo abiria wa sitaha, waliolala juu ya matandiko yao wenyewe, ambao hapana aliyewauliza kama walikuwa na suti, kwa sababu hapana aliyekusudia kuwaita mezani.

Lakini melini, katika njia ya bahari ya Sham, palikuwa na kanuni nyingine ya mavazi iliyo ya kale kuliko kampuni zote za meli. Mahujaji waliotoka Mombasa na Unguja kwa bahari, chombo kilipofika usawa wa Yalamlam, ambayo ni mikati, yaani mahali pa kuhirimia, ya wajao kutoka upande wa Yemen, walioga, wakavua kanzu na kofia, majoho na vilemba, na kila mwanamume akajifunga shuka moja nyeupe kiunoni na kujitupia nyingine mabegani, zote mbili zisizoshonwa, asijitie manukato wala asifunike kichwa. Nao wanawake wakabaki katika nguo zao za sitara, nyuso wazi. Hii nayo ni amri, tena kali kuliko ya Southampton, kwa maana mwenye kuivunja hutozwa fidia. Kadhi na mchukuzi wakatoka chumbani wakiwa hawatambulikani, na hapana aliyeweza kusema kwamba amezuiwa na umaskini, kwani shuka mbili hata fakiri huzipata. Mimi naona siri yote imo hapo: amri ya mavazi haipimwi kwa ugumu wake, bali kwa swali kama aliyeitoa ameiweka mahali ambapo kila mkono unafika.

Watu wa nchi yetu tumelionja jambo hili kwa upande wake mchungu. Kuanzia mwaka 1972 Rais Mobutu aliipiga marufuku suti ya Kizungu pamoja na tai yake, na mahali pake akaweka abacost, koti lisilohitaji tai, kwa hoja kwamba Mzaire arudie asili yake. Nao wanawake wakatakiwa waache suruali na sketi fupi, wavae vikwembe. Hoja haikuwa mbaya, nami siwezi kumlaumu mtu aliyechoka kumwiga Mbelgiji hata kwa fundo la shingoni. Ila fundi wa mtaa wetu wa Kadutu, mwenye cherehani ya miguu na pasi ya makaa, alimshonea mwalimu abacost ya kitambaa chepesi iliyopauka kabla ya mwaka kwisha, hali wakubwa wa chama waliagiza zao kutoka Ubelgiji kwenyewe, na mara mkutano ukawa na mabwana na watumwa kama zamani, wote bila tai. Tarehe 24 Aprili 1990, siku aliyotangaza mwisho wa chama kimoja, rais aliwaruhusu watu wavae tai tena.

Atatokea wa kunipinga kwa ule mfano wa Injili ya Mathayo, wa mfalme aliyemkuta karamuni mtu asiye na vazi la arusi, akamtupa nje gizani. Mtu huyo aliokotwa njia panda, pamoja na wema na wabaya. Angelitoa wapi vazi? Wako wafasiri waliojibu kwamba mwenye karamu ndiye aliyewagawia wageni mavazi mlangoni, na kwamba kosa la yule lilikuwa kukataa alichopewa bure. Tafsiri hiyo naipokea, kwa sababu bila yake mfalme anakuwa dhalimu.

Na kwa kipimo hicho hicho yatazamwe maboti ya ziwa letu la Kivu, ambako vazi la kujadiliwa si koti jeusi bali jaketi okozi. Mwaka 1912 Titanic iliondoka Southampton ikiwa na kumbi za fahari na mashua za kuokolea watu 1,178 tu, nayo ilipozama ilikuwa na watu wapatao 2,200; inasimuliwa kwamba tajiri Benjamin Guggenheim alilivua jaketi lake, akavaa nguo za karamu, akangojea mauti kiungwana, na dunia ikamsifu, ilhali abiria wa daraja la tatu waliokufa kwa wingi zaidi hawakuulizwa walivaa nini. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi, iliyotoka Minova imejaa kupita kiasi kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara, ilizama mbele ya macho ya watu waliosimama ufuoni Kituku, Goma, na makumi ya abiria wakafa. Amri ya kwamba asipande mtu bila jaketi imerudiwa na wakuu mara nyingi, nayo ni amri ya haki, maadamu mwenye boti ndiye atoaye majaketi, kama mfalme yule mlangoni. Lakini gatini kwetu utamwona mama wa kisiwa cha Idjwi, amejifunga kikwembe kipya kwa sababu anakwenda msibani na hataki kuonekana mnyonge, akifungiwa jaketi lililokatika kamba, na mwanawe wa miaka minne akivalishwa la mtu mzima, ambalo likigusa maji litamtoka kichwani. Na mkaguzi huyahesabu yote mawili kuwa yamevaliwa. Hilo la mtoto mwenye boti hajalitoa bado.